Kijana aliyeanguka mstarini: uchambuzi wa kisa kimoja cha Busia

Kijana ninayemweleza hapa nimemuunga kutoka kwa vijana zaidi ya mmoja niliokutana nao kazini, na yote yanayoweza kumfichua mtu nimeyabadilisha. Mji sikuubadilisha. Ni Busia, upande wa Uganda, ambako Kiswahili husikika kuanzia kwa makuli hadi kwenye foleni ya forodha, na ambako mtu anaweza kwenda nchi nyingine na kurudi kabla chai haijapoa.

Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Jumatatu moja, wanafunzi wakiwa mstarini, alianza kutokwa na jasho, akasema maneno yasiyoeleweka, akaanguka na kutingishika mwili mzima kwa muda ambao mwalimu wa zamu alikisia kuwa dakika moja. Mtu mmoja akamtia kijiko mdomoni. (Msifanye hivyo. Mtu mwenye degedege hamezi ulimi. Kijiko humvunja meno au humpalia. Mlazeni kwa ubavu, ondoeni mawe karibu yake, ngojeni.) Akaletwa kituo cha afya kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mwalimu.

Hata kabla hajalazwa kitandani alikwisha kupewa magonjwa matatu. Mwalimu alisema kifafa. Nesi wa mapokezi alisema malaria imepanda kichwani, na kwa eneo letu nesi anayeanza na malaria halaumiwi. Mama yake, aliyefika akihema, alisema mtoto amerogwa na ndugu wa baba. Baadaye kidogo naibu mkuu wa shule akapiga simu na kuongeza la nne: "Daktari, huyo ni mlevi tu. Hana ugonjwa."

Naibu ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko wote. Lakini lile "tu" lake ndilo lingeweza kumuua kijana, kwa sababu mlevi tu huachwa alale mpaka pombe imtoke.

Kipimo cha haraka cha malaria kilitoka hasi. Mita ya sukari ya damu ilisoma milimoli 2.3 kwa lita, wakati mtu mwenye afya huwa karibu na 4 au zaidi hata akiwa hajala tangu jana. Tulimwekea sukari kwenye mshipa pamoja na thiamini, yaani vitamini B1, ambayo mara nyingi hupungua kwa wanywaji. Haikuchukua muda akafumbua macho na kuuliza kiatu chake kiko wapi.

Mtu ambaye hajala huishi kwa sukari inayotolewa na ini: kwanza ile iliyohifadhiwa, kisha ile ambayo ini hujitengenezea lenyewe. Pombe ikiwamo mwilini, ini hushughulika nayo na kuiacha kazi ya kutengeneza sukari. Mtu mzima aliyeshiba ugali wa jioni huenda asitambue lolote. Huyu alikuwa amekula mara ya mwisho Jumapili mchana. Alikunywa hadi usiku wa manane, akalala na njaa, akatoka mbio asubuhi bila hata uji. Mwili mwembamba hauna akiba ya kumfikisha saa mbili asubuhi. Ndiyo maana mtoto au kijana anaweza kuanguka kwa kiasi cha pombe ambacho baba yake angekiita cha kuanzia.

Lilibaki swali la kama degedege lile lilitokana na kuikosa pombe. Mwili uliozoea kunywa kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, mara nyingi kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na wengine huweweseka hadi kufa. Kwa hiyo mzazi anayemfungia chumbani mtoto anayekunywa kila siku, "hadi imtoke", anacheza na uhai wake. Kwa umri wa huyu jambo hilo ni nadra, lakini nadra haimaanishi halipo, kwa hiyo tulimlaza tukamtazama. Mikono haikutetemeka, moyo haukwenda mbio, usiku alilala. Hakuhitaji dawa za kumtuliza. Na neno "mraibu" sikuliandika kwenye faili lake. Kijana akishaandikwa hivyo, kila anayefungua faili baada yangu humsoma kwa jicho hilo.

Swali moja zaidi huulizwa na kila anayefanya kazi hii Uganda: macho yanaonaje? Mwaka 2010 huko Kabale makumi ya watu walikufa kwa waragi, pombe kali ya huku, iliyochanganywa na methanoli, aina ya pombe ya viwandani iliyo sumu. Agosti 2022 ilitokea tena eneo la Arua na Madi-Okollo, safari hiyo kwa jini ya chupa iliyokuwa na lebo. Methanoli hainuki tofauti wala haina ladha ya kumshtua mnywaji, na dalili zake zinaweza kuchelewa hadi siku inayofuata: tumbo kuuma, pumzi za haraka, kisha kuona ukungu. Anayesema "naona kama kuna moshi" baada ya kunywa asingoje gari la bei nafuu, akimbizwe hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Kijana wetu aliona sawasawa. Aliweza hata kusoma tarehe kwenye kalenda ya ukutani na kutuambia kuwa ni ya mwaka jana.

Sehemu ya dharura iliishia hapo. Ni sehemu rahisi: ina mita, ina dripu, ina jibu.

Siku ya pili nilimwomba mama atupishe. Sikumuuliza kijana kama anakunywa. Swali hilo ameshaulizwa na watu wenye fimbo, na jibu lake analijua. Nilimuuliza vijana wa mtaa wake hunywa wapi, nani huwauzia, wanachanganya na nini, ni nani huwa anazidiwa. Alisimulia kama mtu anayesimulia mechi. Tulipofika kwa "na wewe je?" alikuwa ameshakolea, asingeweza kusimama ghafla.

Alionja malwa, pombe ya ulezi, utotoni, kwenye mrija wa babu, usiku wa matanga. Watoto wengi wa huku huonja hivyo. Siwezi kusema ni jambo jema, lakini nikitafuta mahali kisa hiki kilipopinda, sipati hapo.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Alikuwa na miaka 11. Hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 2022, karibu miaka miwili, ufungaji uliotajwa kuwa mrefu kuliko wa nchi yoyote duniani. Baba yake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Wanaokumbuka mwaka ule mpakani wanakumbuka jinsi madereva walivyotazamwa, kana kwamba wao ndio korona yenyewe: foleni za vipimo za siku kadhaa, watu wakikataa hata kuwauzia maji. Baba alikwama huku na kule, akapunguza kuja, kisha akaacha. Anasemekana ana mji mwingine upande wa Kenya. Kijana alilieleza hilo kwa sentensi moja na kurudi kwenye habari za mizigo.

Mpaka ulikuwa umefungwa kwa watu, mizigo ikipita, na ile isiyotaka kuonana na forodha ikipita njia za panya. Mjomba wake, kaka wa mama, alikuwa na mizigo ya aina hiyo: mafuta ya kupikia, sabuni, mayai. Mtoto wa miaka 12 hapekuliwi kama mtu mzima, na hulipwa nusu. Walitembea saa tisa au saa kumi za usiku, kwenye umande, wakiogopa askari. Mjomba alimpa waragi kwenye kifuniko cha chupa, "ya kuondoa baridi". Kifuniko, hata glasi haikuwa. Baridi haikuondoka, maana pombe hufungua mishipa ya ngozi na kuupotezea mwili joto, lakini hofu iliondoka. Alfajiri aliporudi nyumbani moyo ukimdunda, kifuniko cha pili kilimlaza usingizi.

Hapo ndipo ninapoliona pindo. Kijana alipewa pombe kama kifaa cha kazi, na ikafanya kazi. Wanaohubiri shuleni kuhusu makundi mabaya wangeshindwa kumtambua mtoto huyu: hakuwa na kundi, alikuwa na mwajiri, na mwajiri alikuwa ndugu wa mama yake.

Mwaka 2022 alirudi shule akiwa na desturi iliyokomaa. Siku za juma hakunywa. Jumamosi alisukuma baiskeli za magurudumu matatu za wafanyabiashara wenye ulemavu wanaobeba mizigo mpakani, kazi halali na maarufu hapa kwetu, na jioni walioshinda naye walimnunulia. Jumapili alikunywa peke yake ili apate usingizi. Hii ya Jumapili ndiyo iliyonitisha kuliko ile ya Jumamosi. Pombe huwahisha usingizi kisha huukatakata kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo anayeitumia kama dawa ya kulala huamka kachoka na kuamini kwamba anahitaji dawa zaidi.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 hutajwa kila mahali panapozungumzwa habari hizi: kati ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15, karibu asilimia 40 walikuja kutekwa na pombe wakati fulani maishani, ikilinganishwa na karibu asilimia 10 ya walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi. Nautumia, lakini kwa uangalifu. Wanaoanza mapema mara nyingi ndio wale wale ambao baba ameondoka na mjomba ana mizigo. Tarakimu hazitenganishi pombe na maisha yaliyoileta. Hata hivyo ubongo wenyewe una la kusema. Sehemu ya mbele, ile inayotuwezesha kujizuia na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Kijana pia hasinzii upesi kama mtu mzima, kwa hiyo huendelea kunywa pale ambapo mkubwa angeshalala, huku kumbukumbu yake ikiumia zaidi. Kijana wetu aliniambia kuwa kuna Jumamosi ambazo hazikumbuki kabisa, na kwamba hesabu, somo alilolipenda, siku hizi "zinaingia zinatoka". Mwalimu wake aliuita huo uvivu.

Sasa hesabu ya chupa, maana hapa watu hudanganyika. Hadi mwaka 2019 waragi iliuzwa Uganda kwenye vipakiti vya plastiki vya mililita 100 na hata chini ya hapo, ndugu wa vile viroba ambavyo Tanzania ilivipiga marufuku Machi 2017. Kipakiti kiliingia kwenye soksi, kikaingia darasani. Serikali ilipovikataza na kuweka mililita 200 kuwa kipimo cha chini, nilifurahi, na bado nadhani lilikuwa jambo jema: bei ya kuanzia ilipanda, na chupa haifichiki kwenye soksi. Lakini chupa ya mililita 200 yenye nguvu ya asilimia 40 ina takriban gramu 63 za pombe halisi. Mwili wa mtu mzima huondoa kati ya gramu 7 na 10 kwa saa. Anayeimaliza saa nne usiku anaweza kuwa bado na pombe mwilini kengele ya shule inapokaribia. Vijana wawili wakichanga wanapata nusu kila mmoja, ambayo ni sawasawa na kile kipakiti cha zamani cha mililita 100. Na aliyekosa pesa ya kuchanga huenda nyumbani kwa mama fulani, akapimiwa.

Mama fulani wa kisa hiki ni mama yake mwenyewe.

Alinieleza bila kuzungukazunguka, siku ya tatu, baada ya kuhakikisha kwamba mimi si mtu wa polisi. Hapiki, hununua kwa jerikeni kutoka kwa wapikaji wa vijijini na kuuza kwa glasi sebuleni kwake. Ada ya shule ya kijana, ya dada zake wawili, kodi ya nyumba, vyote vinatoka kwenye jerikeni ile. Wateja wake wazuri ni wa asubuhi. Kenya, tangu sheria yake ya mwaka 2010, baa hutakiwa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, kwa hiyo mwenye kiu ya saa nne asubuhi huvuka. Kijana alikuwa akitumwa kubeba jerikeni tangu ana miaka 10, na mama akienda sokoni ndiye aliyepima.

"Daktari, nikiacha kuuza, huyu atasomea wapi?" akaniuliza. "Na nikiendelea, wewe unasema atakufa. Nichague nini?"

Nimesikia wenzangu wakilijibu swali hili kwa mkato, wakimwambia mama aache biashara haramu. Ni haramu kweli. Sheria ya Enguli, yaani waragi ya kienyeji, ya mwaka 1965 ilikataza kupika bila leseni, na kumuuzia aliye chini ya miaka 18 ni kosa. Lakini sheria ya 1965 imezeeka pamoja na wapikaji wake, na kila mtu kuanzia mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, hadi askari wa doria anajua jerikeni ziko wapi. Wengine wana glasi zao huko. Mwaka 2023 Sarah Opendi, mbunge wa jirani zetu wa Tororo, alipeleka bungeni mswada wa kubana saa za kuuza pombe, na mwaka uliofuata wabunge wakaukataa. Mjadala ulikuwa mkali, biashara na kodi upande mmoja, afya upande mwingine. Ningeuunga mkono, ingawa nakiri kwamba saa za baa zisingemgusa kijana huyu. Baa yake ilikuwa sebuleni, saa zake ni saa za mama kutokuwepo.

Hujitokeza hapa pia hoja ya takwimu. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2004 iliiweka Uganda juu kabisa duniani, lita 19.5 za pombe halisi kwa kila mtu mzima kwa mwaka. Ile ya mwaka 2018 ilitaja lita 9.5. Watu huzitumia kujisifu au kujilaumu. Mimi huzisoma kwa namna nyingine. Hizo ni wastani, na nchi hii ina Waislamu, walokole na wengine wengi ambao hawagusi kabisa. Toa hao, kisha jiulize wanaobaki wanakunywa kiasi gani kila mmoja. Sebule ya mama yule ingekupa jibu.

Sikumwambia aache. Tulikubaliana mambo ambayo angeweza kuyafanya wiki ile ile. Kijana asibebe jerikeni, asipime, asitumwe kudai madeni ya glasi. Jerikeni ifungiwe kwa kufuli na ufunguo ukae kiunoni mwa mama. Wateja waondoke saa moja jioni, kwa sababu sebule ndiyo chumba cha kijana cha kulala, na hakuna anayeacha pombe huku akilala kwenye mkeka ulioloa pombe ya watu. Jambo la mwisho lilimgharimu mama pesa za kweli. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema atajaribu hadi mwisho wa muhula.

Shule ilikuwa vita nyingine. Nilipofika, barua ya kumfukuza ilikuwa imeandikwa, bado saini. Naibu mkuu ni mtu mwema, na nasema hivyo bila kejeli. Ana wanafunzi wengi kupita kiasi na wazazi wanaotaka kuona mfano ukitolewa. Alinikumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nikamjibu kwamba fimbo shuleni imekatazwa na sheria tangu marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016, na kwamba samaki huyu ameshakunjwa na watu wengi kabla yetu. Kilichomgeuza hakikuwa sheria. Nilimwomba tuandike pamoja ratiba ya kijana ya juma zima na kutia alama kila saa anayokuwa mahali pasipo na pombe. Saa zote zenye alama zilikuwa za shule. Kumfukuza kungekuwa kumhamishia sebuleni.

Barua ikawa ya kusimamishwa wiki mbili badala ya kufukuzwa. Aliporudi alipewa kazi ya kumsaidia mpishi kugawa uji wa asubuhi, jambo lililohakikisha kwamba yeye mwenyewe amekunywa uji huo kabla ya mstari. Wazo hilo lilikuwa la mwalimu wa zamu, na sikulifikiria mimi. Nililisifu kuliko maneno yangu yote ya ushauri.

Kwa kijana mwenyewe tulitumia AUDIT, maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani kuhusu unywaji wa pombe, yanayotoa alama kuanzia 0 hadi 40. Alipata 14. Kwa mtu mzima 8 inatosha kumfanya mhudumu akae chini na kuzungumza. Kwa kijana sisubiri hata ifike hapo. Lakini alama haikumgusa. Kilichomgusa ni mpira. Ni winga, na kocha alikuwa amemwambia kwamba kipindi cha pili anageuka mti. Tukaanza na hilo, maana ndilo lilikuwa lake: Jumamosi usiku bila pombe kabla ya mechi za Jumapili. Sikuzungumzia maisha yote, wala ini lake atakapokuwa na miaka 40. Kijana wa miaka 16 anaisikia arobaini kama habari ya mtu mwingine.

Kuhusu usingizi, niliuliza hasa nini kinamwamsha. Ilikuwa ni sauti za buti. Bado aliota askari wa njia za panya. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, na nadhani ndilo lililokuwa jipu lenyewe; pombe ya Jumapili ilikuwa ikilifunika. Tulizungumza juu ya usiku ule mmoja uliomtisha zaidi mara kadhaa, taratibu, hadi alipoweza kuusimulia mwanzo hadi mwisho bila kuvunja vidole vyake. Si kila kituo kina mtu mwenye mafunzo ya mazungumzo ya namna hiyo.

Mama alitaka apelekwe Butabika, hospitali ya taifa ya akili iliyo Kampala, yenye kitengo cha pombe na dawa za kulevya. Ni kilomita karibu 200. Angekuwa anakunywa kila siku, anatetemeka asubuhi, au tungeshindwa hapa, ningeandika barua siku hiyo. Kwa hali aliyokuwa nayo niliona angepoteza muhula mzima na kurudi kwenye sebule ile ile akiwa na jina jipya mtaani. Wapo wenzangu ambao wangeamua tofauti, na hoja zao nazijua.

Kuna jambo linalonisumbua pembeni mwa kisa hiki. Wavulana huletwa kwa sababu wameanguka mbele ya watu, au wamepigana. Dada yake, mwenye miaka 14, naye alipima glasi mama alipokuwa sokoni, na hakuna aliyemuuliza lolote hadi nilipouliza. Wasichana wanaokunywa hatuwaoni mstarini. Hutufikia kliniki ya wajawazito, na hapo pombe ilishamfikia mtoto wa tumboni katika wiki ambazo msichana mwenyewe hakujua kuwa ana mimba. Dada huyu hanywi. Ila alijua bei, vipimo, majina ya wateja, na nani hushika wasichana kiuno. Sasa hashiki glasi tena. Mama alikubali hilo haraka kuliko mengine yote.

Muhula wa kwanza baada ya tukio kijana alikunywa mara chache, na alisema mwenyewe. Likizo ya Desemba ilimwangusha. Palikuwa na matanga mawili mfululizo ukoo wa mama, muziki hadi alfajiri, malwa na chang'aa, na kijana mrefu wa miaka 16 akikataa mrija mbele ya wazee huonekana anawadharau. Alikunywa siku tatu. Kitu kimoja kilikuwa tofauti: siku ya nne alimwambia mama ampikie uji kabla hajalala, kwa sababu alikumbuka habari ya sukari. Mwenzangu mmoja alinicheka niliposema hayo ni maendeleo. Bado nasema ni maendeleo. Matanga yajayo tumepanga akae upande wa wanaopika na kubeba maji, ambako ana shughuli mkononi na hakuna anayemhesabia mirija.

Mama amejiunga na kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, amekopa, na ameanza kuuza dagaa kutoka Majanji siku za soko. Faida bado haifiki hata nusu ya jerikeni. Ameipunguza, hajaiacha, na wateja wa asubuhi bado wanavuka. Nambari ya simu 116, ile ya huduma ya Sauti ya kuwasaidia watoto, ameibandika mlangoni kwa ndani baada ya mteja mmoja kumng'ang'ania binti yake. Anasema imefanya walevi wawe na adabu kuliko polisi.

Alama za AUDIT za kijana zimeshuka hadi 6. Hesabu hazijarudi kama zamani. Mwalimu anasema amepanda kidogo, na mwakani ana mtihani wa UCE, ule wa kumaliza kidato cha nne. Anasukuma baiskeli za mpakani Jumamosi mchana tu, na malipo yake anayachukua mama moja kwa moja kwa wenye mizigo, jambo ambalo yeye mwenyewe aliliomba.

Mjomba hajawahi kukanyaga kituoni. Nimemwita kupitia mama, nikamwita kupitia mwenyekiti wa LC1. Mara zote ana safari. Wiki iliyopita kijana aliniambia kwamba mjomba amemtafuta tena, ana mzigo wa usiku na anamhitaji mtu anayezijua njia. Kijana alimjibu kwamba ana mechi. Miadi ijayo ni Alhamisi, na safari hii nitakwenda nyumbani kwa mjomba mwenyewe, mapema, kabla hajatoka.